UZI MAALUMU: Mji janja kwenye nchi ya baridi kali, namna Helsinki na majirani zake wanavyosafirisha joto chini ya barabara

Fundi wa Kaskazini (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Wiki iliyopita kulikuwa na mjadala humu kuhusu miji janja, na karibu kila mchangiaji alizungumzia kamera, taa za barabarani zinazojizima zenyewe na intaneti ya bure. Nilisoma mpaka bandiko la mwisho nikasubiri mtu ataje joto, hakutokea. Mimi naishi Helsinki, mji mkuu wa Ufini, huu ni mwaka wa kumi na moja, na kazi yangu ni kutunza majengo: mabomba, mitambo ya joto, theluji ya uani, milango inayogoma kufunga, taa za ngazini. Wenyewe wanaiita *huoltomies*. Kwa hiyo nitaandika yale ninayoyashika kwa mikono kila siku.

Naamini hivi: kwenye nchi ya baridi, mji unaanza kuwa janja siku unapojua joto lake linatoka wapi, linakwenda kwa nani na linapotelea wapi. Kamera na aplikesheni zinakuja baadaye.

Kwanza muelewe mazingira. Helsinki iko nyuzi 60 kaskazini mwa ikweta, Oulu, mji mwingine wa Ufini, iko nyuzi 65. Mwishoni mwa Desemba jua hapa Helsinki linachomoza kama saa tatu na dakika ishirini asubuhi na saa tisa na robo limeshazama. Oulu wanapata takriban saa tatu na nusu za mchana, basi. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri si habari ya gazetini. Nyumba ikikosa joto kwa siku mbili tatu katika hali hiyo, maji yanaganda ndani ya mabomba, mabomba yanapasuka, na wazee wanaoishi peke yao wanakuwa hatarini.

Tangu miaka ya 1950 Helsinki walichagua njia ya joto la pamoja. Badala ya kila jengo kuwa na boila yake na bohari yake ya kuni au makaa, maji yanachemshiwa kwenye mitambo michache mikubwa, yanasukumwa chini ya barabara hadi kwenye majengo, yanaacha joto lake pale, kisha yanarudi mtamboni kuchemshwa tena. Mtandao huo sasa una zaidi ya kilomita 1,300 na unabeba takriban asilimia 90 ya joto linalohitajiwa na majengo ya jiji. Kampuni inayouendesha, Helen, ni mali ya jiji lenyewe.

Nendeni nami mpaka chumba cha chini cha jengo mojawapo ninalolitunza. Mlango wa chuma, ndani kuna mvumo wa pampu na hewa kavu yenye harufu ya vumbi lililopata moto. Ukutani yanaingia mabomba mawili manene yaliyovalishwa sufu ya madini na bati. Moja linaleta maji ya moto kutoka mtaani, lingine linayarudisha. Kati yake na mabomba ya jengo kuna kifaa cha ukubwa wa begi la safari, kimejaa sahani nyembamba za chuma zilizobanwa pamoja. Hicho ndicho kibadilisha joto. Maji ya mtaani yanapita upande mmoja wa sahani, maji ya jengo upande wa pili, joto linavuka lakini maji hayakutani. Juu yake kuna kikompyuta kidogo chenye waya unaopanda hadi ukuta wa nje wa kaskazini, mahali ambapo jua halipigi, kuna kipima joto. Nje kukiwa nyuzi 5 juu ya sifuri, kikompyuta kinapeleka maji ya vuguvugu tu kwenye rejeta za vyumbani (vile vipasha joto vya ukutani). Nje kukishuka hadi 20 chini ya sifuri, kinapandisha. Maji ya mtaani nayo yanabadilika kwa mtindo huohuo: kati ya nyuzi 65 na 115 kulingana na hali ya hewa. (Hayageuki mvuke kwa sababu yako kwenye mgandamizo mkubwa.)

Hiki kikompyuta kilikuwepo kabla neno "mji janja" halijazaliwa. Ndiyo maana naanzia hapa.

Naendelea, niacheni ninywe chai kwanza.

Mzee wa Ilala

Mkuu, nimekaa mstari wa mbele. Swali moja kabla hujaendelea: maji yakitembea kilomita zote hizo kwenye ardhi iliyoganda, yanafikaje bado ya moto? Na bomba likitoboka huko chini ya lami mnajuaje?

Fundi wa Kaskazini

Shikamoo mzee wangu. Bomba lenyewe ni la chuma, limezungushiwa povu gumu la kuzuia joto, juu yake ganda la plastiki. Joto linapotea kidogo, hasa kiangazi ambapo matumizi ni madogo na maji yanatembea polepole, ila baridi ikikolea hasara inakuwa sehemu ndogo ya kinachosafirishwa.

Kuhusu kutoboka, kuna mambo matatu. La kwanza ni macho: theluji ikiyeyuka kwa mstari mahali ambapo jirani yake imelala nene, kuna kitu chini. La pili ni kamera za kuona joto, wanazirusha kwa ndege au droni usiku wa baridi, na bomba linalovuja linaonekana kama mshipa unaowaka. La tatu ndilo ninalolipenda zaidi: maji ya mtandao yanatiwa rangi ya kijani. Rangi hiyo haina madhara, lakini mwenye nyumba akifungua bomba la bafuni akaona maji ya kijani, tunajua papo hapo kwamba kibadilisha joto cha jengo lake kimetoboka ndani. Nimelipata tukio hilo mara moja tu. Mama wa ghorofa ya pili alinipigia simu ana wasiwasi, akaniambia beseni la kumwogeshea mtoto limejaa maji kama ya majani ya mpapai. Nilifunga valvu kabla hajamaliza kueleza.

Sasa chanzo cha joto. Kwa miongo mingi jibu lilikuwa makaa ya mawe. Bomba la moshi la mtambo wa Hanasaari lilikuwa alama ya jiji, na rundo la makaa lilikaa ufukweni wazi kila mtu analiona. Mtambo huo ulifungwa Aprili 2023. Salmisaari ukafuata Aprili 2025, na tangu hapo Helsinki haichomi makaa tena. Hapa ndipo ujanja wa kweli unapoonekana, maana joto halikupungua, lilianza kuokotwa.

Chini ya bustani ya Katri Vala kuna mtambo wa pampu za joto uliowashwa mwaka 2006. Unafanya kazi na maji taka! Maji ya vyoo, mabafu na jikoni ya watu zaidi ya 800,000 yanasafishwa Viikinmäki, kwenye mapango yaliyochongwa ndani ya mwamba. Yakishasafishwa bado yana uvuguvugu. Kabla ya kuyaachia baharini wanayapitisha Katri Vala, pampu zinanyonya ule uvuguvugu na kuukusanya mpaka uwe joto la kupelekwa mtaani. Ni kanuni ileile ya friji: mgongo wa friji unapata moto kwa sababu joto lililokuwa ndani limehamishiwa nje. Kiangazi mtambo huohuo unatoa maji baridi ya kupoza maofisi na maduka, na joto lililotolewa maofisini linakwenda kupasha maji ya kuoga ya wakazi.

Joto la ziada wanaliweka akiba. Chini ya kisiwa cha Mustikkamaa kulikuwa na mapango ya kuhifadhia mafuta. Wakayasafisha, wakayajaza maji, mita za ujazo 260,000, na tangu 2021 ni ghala la joto: upepo ukivuma sana umeme ukawa rahisi, wanachemsha na kuweka, baridi ikipiga wanatoa. Vantaa, mji wa jirani ulipo uwanja wa ndege, walianza mwaka 2024 kuchonga ghala kubwa zaidi, Varanto, la mita za ujazo milioni 1.1, la kuweka joto la kiangazi litumike wakati wa baridi.

Na wale wanaopenda kompyuta: seva, zile kompyuta za kuhifadhi taarifa za intaneti, zinatoa joto usiku na mchana. Mäntsälä, mji mdogo kaskazini mwa Helsinki, unapata sehemu kubwa ya joto lake kutoka kituo cha data tangu 2015. Hamina, Google walinunua kiwanda cha karatasi kilichofungwa, wakageuza kituo cha data kinachopozwa kwa maji ya bahari. Espoo na Kirkkonummi, Microsoft na kampuni ya Fortum walitangaza mwaka 2022 mpango wa vituo ambavyo joto lake litabeba karibu asilimia 40 ya mahitaji ya mtandao wa eneo hilo. Video unayoitazama usiku inaweza kuwa inampasha mtu maji ya kuoga.

Kijana wa Pangani

Salaam kutoka Doha, Qatar. Mkuu umenigusa, maana huku tunafanya kazi hiyohiyo kwa kuigeuza. Mimi ni fundi msaidizi kwenye mtambo wa kupoza. The Pearl, kile kisiwa cha kutengenezwa, majengo yake hayana ule msitu wa kompresa kwenye kuta kama Kariakoo. Kuna mtambo mmoja mkubwa unatengeneza maji baridi, yanasambazwa chini kwa mabomba, yanarudi yakiwa yamebeba joto la vyumba. Nilipofika nilidhani ni anasa ya matajiri. Baadaye nikaelewa kwamba mtambo mmoja mkubwa uliotunzwa vizuri unakula umeme kidogo kuliko viyoyozi elfu vinavyopigana na jua kila kimoja peke yake. Swali langu: huko anayelipia joto analipa vipi? Kwa mita au kwa ukubwa wa chumba?

Fundi wa Kaskazini

Jengo zima lina mita moja ya joto, na gharama inagawanywa kwenye ada ya mwezi, kwa kawaida kwa mita za mraba. Umeme wa chumbani kila mtu ana mita yake. Nitakuja kwenye umeme, una kisa chake.

Mkongwe wa Voronezh

Wanangu, mimi nilisoma Umoja wa Kisovieti miaka ya themanini, na mwaka mmoja tulipelekwa mazoezini Yakutsk, huko Siberia. Naomba niongeze upande mwingine wa baridi.

Yakutsk ardhi yenyewe imeganda mwaka mzima, mita nyingi kwenda chini. Bomba la moto huwezi kulizika, litayeyusha udongo na kila kitu kitadidimia. Kwa hiyo mabomba ya joto yanapita juu, kwenye nguzo, yanavuka barabara kwa kupanda kama lango kisha yanashuka. Majengo yamesimama juu ya nguzo za zege na chini yake upepo unapita, ili joto la watu lisiifikie ardhi. Ulikuwa ukipita kando ya jengo unaona mwanga upande wa pili.

Joto la pamoja walikuwa nalo, tena kubwa kuliko la Wafini. Lakini kipimo hakikuwepo. Hosteli yetu ilikuwa moto mpaka tunalala vifua wazi, nje nyuzi 40 chini ya sifuri, na namna pekee ya kupunguza ilikuwa kufungua kile kidirisha kidogo cha juu. Mitambo iliwaka usiku kucha tukapasha anga la Siberia. Juzijuzi, Januari 2024, mtambo mmoja uliharibika huko Podolsk karibu na Moscow, maelfu kwa maelfu ya watu wakakaa bila joto siku za baridi kali. Mabomba ni yaleyale. Kinachotofautisha ni nani anapima, nani anatunza, na kama kuna njia ya pili mtambo mmoja ukizimika.

Fundi wa Kaskazini

Shikamoo mzee, asante sana. Umemaliza sentensi niliyokuwa naitafuta. Mtandao wa Helsinki ni wa duara, joto linaweza kumfikia mteja kutoka pande mbili, na mitambo iko kadhaa. Huo nao ni ujanja, ingawa hakuna aplikesheni ya kuuonyesha.

Binti Kilosa

Naheshimu sana mnayoandika, ila mbona nyote mnasifia? Mimi ninachokiogopa kwenye miji janja ni vile vihisi vinavyowekwa vyumbani mwa watu. Mita inajua umeamka saa ngapi, umeoga saa ngapi, umesafiri lini. Halafu mtambo ukikosea anayeumia ni mkazi. Hilo linasemwaje?

Fundi wa Kaskazini

Dada, swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu, na kwa kisa kilichonipata mwenyewe.

Miaka michache nyuma, jengo mojawapo nililokuwa nalitunza liliuziwa mfumo mpya. Sitaitaja kampuni. Kila chumba kilipachikwa kihisi kidogo cheupe, ukubwa wa kiberiti, kinachopima joto na unyevu na kutuma taarifa bila waya. Programu ilikuwa inasoma wastani wa jengo pamoja na utabiri wa hali ya hewa, kisha inapunguza joto pale inapoona vyumba vimetosheka. Wazo ni zuri, na mahali pengine nimeliona linafanya kazi vizuri. Mwezi wa kwanza skrini ilionyesha wastani wa nyuzi 21 na nusu, bili ikashuka, bodi ya wakazi wakafurahi.

Januari bibi mmoja wa ghorofa ya juu kabisa, chumba cha pembeni, akaanza kupiga simu. Anasema anasikia baridi. Ofisini walitazama skrini: chumba chake nyuzi 21. Wakamwambia joto lipo sawa. Akapiga tena. Mara ya tatu nikapanda mwenyewe. Nilimkuta amevaa koti la nje na soksi mbili mbili, amejifunika blanketi, anatazama taarifa ya habari. Nilichomoa kipimajoto changu cha mfukoni nikakiweka katikati ya chumba: 17. Kihisi kilikuwa kimepachikwa juu ya kabati la jikoni, na chini yake kuna mashine ya kahawa. Wafini wanakunywa kahawa kuanzia asubuhi mpaka usiku. Kila alipochemsha kahawa ili apate moto, kihisi kilipeleka taarifa kwamba chumba kimepasha, na mtambo ukazidi kupunguza.

Nilikihamishia kwenye ukuta wa ndani, usawa wa kifua, mbali na dirisha na rejeta. Kazi haikuishia hapo, kwa sababu sasa ukweli ulionekana: vyumba vya chini vilikuwa na 23, vya juu 17. Maji ya moto yanapenda njia fupi. Yanajaa rejeta za karibu na pampu, za mbali zinapata mabaki. Dawa yake ni ya kale, kusawazisha mabomba: unapita kila tawi, unabana valvu za karibu na kufungua za mbali, unapima, unarudia. Ilinichukua karibu wiki mbili kwa jengo la ngazi nne. Baada ya hapo bibi akawa na 21 ya kweli, na programu ikawa na kitu cha kweli cha kusoma.

Kwa hiyo nakubaliana nawe nusu. Kihisi kikiaminiwa kuliko mtu aliyevaa koti ndani ya nyumba yake, huo mji haujawa janja. Kuhusu usiri, upande wa umeme Ufini waliweka hifadhi moja ya kitaifa ya taarifa za mita mwaka 2022, na mteja anaweza kuingia akaona matumizi yake na nani amepewa ruhusa ya kuyasoma. Hilo ni jema. Vihisi vya vyumbani ni makubaliano ya jengo na kampuni, na hapo ndipo mkazi lazima asome karatasi kabla ya kusaini.

Binti Kilosa

Nimekuelewa vizuri kaka. Huyo bibi kanitoa machozi. Endelea na umeme.

Fundi wa Kaskazini

Ufini walimaliza kufunga mita za kusomwa kwa mbali karibu nchi nzima kufikia 2013. Mteja anaweza kuchagua mkataba wa bei inayobadilika kulingana na soko. Sasa sikilizeni: tarehe 5 Januari 2024, Enontekiö huko Laplandi ilipima nyuzi 44.3 chini ya sifuri, nchi nzima imeganda, na bei ya saa za jioni ikapanda hadi karibu euro 2.35 kwa uniti moja pamoja na kodi. Siku za kawaida ni senti chache. Bei zilikuwa zimetangazwa siku moja kabla. Kwenye jengo ninaloishi majirani waliahirisha sauna, na mjue kuahirisha sauna Ijumaa kwa Mfini ni jambo zito. Mashine za kufua zilisubiri usiku wa manane. Umeme haukukatika. Watu wa kawaida walisoma namba kwenye simu wakabadilisha ratiba zao, na gridi (mtandao wa umeme wa nchi) ikapumua.

Kwenye maegesho ya magari utaona vinguzo vyenye soketi. Ukienda kulala unachomeka waya wa kupasha injini, unaweka saa, asubuhi gari linawaka. Vinguzo hivyo vipo tangu zamani, na siku hizi vingi vinageuzwa kuwa vya kuchajia magari ya umeme. Ugumu ni kwamba soketi thelathini zikiwaka saa kumi na mbili asubuhi kwa pamoja, fyuzi ya jengo inakufa. Hivyo kuna mtambo unaogawa zamu. Betri nazo kwenye baridi zinapungua nguvu, na kupasha hewa ndani ya basi kunakula chaji, ndiyo maana baadhi ya mabasi ya umeme ya huku yana kihita kidogo cha mafuta kwa ajili ya abiria tu.

Baba Furaha wa Oulu

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni wa Uvira, tulifika hapa Oulu kama wakimbizi wa kupokelewa na manispaa. Nataka kuongea juu ya njia, kwa sababu huyu Fundi atawaongelea Helsinki pekee.

Hapa kwetu watoto wangu wanaenda masomo na kinga (baiskeli kwa ninyi wa Tanzania), hata baridi ikiwa ya 15 chini ya sifuri. Mwaka wa kwanza mama yao alikataa kabisa. Akaona watoto wa majirani wote wanapita, akanyamaza. Mji huu una njia za baiskeli zaidi ya kilomita 900, na mahali zinapokutana na barabara kubwa zinapita chini, kwenye vijishimo vya zege, mtoto havuki magari. Theluji hawaiondoi yote. Wanaisukuma na kuigandamiza mpaka inakuwa ngumu kama sakafu, wanaikwaruza mistari ili tairi lishike, na wanamwaga kokoto ndogo. Hawaweki chumvi, kwa sababu chumvi inaleta tope la barafu. Mashine zinapita alfajiri kabla watu hawajatoka. Mkutano wa kwanza wa dunia wa baiskeli za majira ya baridi ulifanyika hapahapa, 2013.

Watu wanajua Oulu kwa Nokia na chuo kikuu kinachotafiti mtandao wa 6G. Mimi kila asubuhi nawasindikiza watoto, naona ule mstari wa taa za kinga gizani, naona kama mji umetuwazia.

Fundi wa Kaskazini

Baba Furaha, asante, umenipunguzia kazi. Hapa Helsinki theluji ni vita ya nafasi. Hewa inayeyusha mchana na kugandisha usiku, kwa hiyo tatizo letu kubwa ni barafu nyeusi isiyoonekana. Barabara kuu zina vituo vyenye kamera na vihisi vilivyozikwa kwenye lami vinavyopima joto la uso wa barabara, na takwimu zake ni wazi kwa yeyote. Magari ya kusukuma theluji ya jiji yana vifaa vya kuonyesha yalipo, na mtu aliwahi kutengeneza ramani, *Aurat kartalla*, unaona mistari ya rangi inavyosogea mtaani kwako. Baadhi ya mitaa ya watembea kwa miguu katikati ya jiji ina mabomba chini ya mawe, yanapitisha maji yanayorudi kutoka majengoni, yale yaliyokwisha kutumika. Theluji ikianguka inayeyuka. Reykjavik, mji mkuu wa Aislandi, wanafanya hivyo kwa eneo kubwa zaidi, kwa maji ya jotoardhi, yaani yanayopata moto chini ya ardhi.

Mimi siku za theluji naamka saa tisa usiku. Kijitrekta, koleo, kokoto. Kisha naangalia mapaa: theluji ikining'inia ukingoni, tunaweka miti ya kuzuia njia ukutani mpaka wapandaji waje kuiangusha. Hakuna kihisi kinachonishinda kwa hilo bado, shingo yangu ndiyo inayotazama juu.

Aprili kokoto zote zinafagiliwa, na jiji linajaa vumbi wiki kadhaa mpaka wanamwagia maji ya chumvi ya kulituliza. Wenye pumu wanateseka. Hilo halijapata dawa nzuri.

Mwasi wa Naivasha

Hamjambo wadau. Nimesoma kutoka juu nikaona Mkenya lazima aseme kitu. Mmetaja Reykjavik. Aislandi wamekuwa wakifundisha wataalamu wa jotoardhi tangu 1979, na Kenya ndiyo nchi iliyotuma wanafunzi wengi zaidi. Wahandisi wetu wa Olkaria, kwenye vituo vya umeme wa jotoardhi, wengi wamepitia huko. Na si umeme pekee uliorudi nao. Shamba la maua la Oserian hapa ziwani limewahi kupasha vibanda vya waridi kwa kisima cha jotoardhi, usiku wa Naivasha ni baridi na unyevu unaleta ukungu kwenye majani. Menengai wamejaribu kuchemshia maziwa, kufulia nguo na kufugia samaki kwa maji hayohayo.

Konza, mji mpya wa teknolojia hapa Kenya, nao wameweka kwenye mpango wao mabomba ya kuvuta taka chini ya ardhi. Fundi, huko yapo?

Fundi wa Kaskazini

Yapo Kalasatama, mtaa uliojengwa kwenye bandari ya zamani baada ya meli kuhamia Vuosaari mwaka 2008. Unatupa mfuko kwenye kidirisha uani, kila aina ya taka na kidirisha chake, unavutwa kwa hewa hadi kituoni. Lori la taka haliingii uani, na wakati wa theluji hilo ni nafuu kubwa mno, kwa sababu lori lenye tani kadhaa kwenye barafu kati ya watoto nimeliona na silipendi. Kinachoziba mabomba ni watu kusukumia maboksi yasiyokunjwa. Ndugu zetu wa Konza wawaelimishe wakazi kabla ya kufungua.

Mzee wa Ilala

Swali langu la mwisho, mwanangu. Umeme ukikatika nchi nzima na nje ni 20 chini ya sifuri, mabomba yote hayo yatasaidia nini?

Fundi wa Kaskazini

Pampu ya jengo itasimama, mzee. Mitambo mikubwa ina umeme wake wa dharura, lakini chumba cha chini cha jengo la kawaida hakina. Maji yatakaa kimya kwenye rejeta na kupoa. Kinachookoa hapo ni jengo lenyewe: kuta nene, madirisha ya vioo vitatu, zege lililobeba joto la wiki nzima. Jengo la namna hiyo linapoa polepole, kwa saa nyingi, likifungwa vizuri. Mabomba yaliyo karibu na milango ya nje ndiyo yanayotangulia kuganda, na hayo nayajua kwa majina katika kila jengo langu.

Serikali inaelekeza kila kaya iweze kujitegemea saa 72: maji kwenye madumu, chakula kisichohitaji kupikwa, tochi, redio ya betri, blanketi. Wanashauri mkusanyike chumba kimoja, mzibe mlango kwa mazulia. Kabatini kwangu kuna madumu mawili ya lita kumi na redio. Yule bibi wa ghorofa ya juu nimempelekea yake mwenyewe, na namba yangu ya simu nimeibandika kwenye friji yake kwa herufi kubwa.